Bibi hana presha, mjukuu anayo: imetoka wapi?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, na baba zangu mnaosoma kimyakimya (najua mpo). Niliahidi wiki hii kuandika kuhusu presha, na najua mlishajiandaa kusikia "punguza chumvi". Tutafika huko. Ila kwanza nataka turudi nyuma karibu miaka mia moja. Ni ndefu, nimeigawa jioni tano. Mtoto akilala, soma.

Kuna dada alikuja kituoni kwetu, mimba ya kwanza, mwezi wa saba unaisha. (Nimebadilisha baadhi ya mambo asijulikane.) Kadi yake ya kliniki ilikuwa haina hata andiko moja, ndiyo kwanza anaanza. Amesindikizwa na bibi yake mzaa baba, ambaye ametoka upande wa Mpimbwe kuja mjini Mpanda kumsubiri mjukuu ajifungue. Nikamfunga yule dada mashine mkononi: 160 kwa 110. Nikampumzisha, nikapima tena. Ileile. Kumbe kichwa kinamuuma siku ya tatu, yeye akasema ni jua.

Kwetu sisi manesi namba hiyo kwa mjamzito haina mjadala. Ni dharura. Tukampa huduma ya kwanza, tukaita gari.

Sasa wakati tunasubiri gari, bibi akanyoosha mkono wake. "Nesi, hebu nipime na mimi." Bibi ana zaidi ya miaka sabini, kwake bado analima. 118 kwa 74. Nikamwambia, shikamoo bibi, wewe ni msichana. Hakucheka. Akaniuliza: "Mimi nimezeeka sina. Mama yangu hakuwa nayo. Huyu mtoto kaitoa wapi?"

Nilimjibu kitu cha haraka haraka, hata sikumbuki ni nini. Gari likaja. Ila swali lilibaki kwangu. Nilipoanza kusoma nikakuta madaktari walishalihangaikia, tena si Ulaya, ni hapa hapa Afrika Mashariki.

Kabla hamjaniandikia: bibi mmoja si ushahidi. Wapo mabibi wengi wana presha na hawajui, kwa sababu hawajawahi kupimwa. Lakini madaktari ninaowaleta kesho walipima wengi.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni anayeitwa C. P. Donnison alichapisha makala kwenye jarida la Lancet la Uingereza. Alikuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, Kenya. Alipima presha za watu 1,000. Ulaya wakati huo ilishajulikana kwamba mtu akizeeka presha inapanda, wakaona ndivyo mwili ulivyoumbwa. Kule Kisii Donnison hakuliona hilo. Baada ya miaka arobaini presha haikupanda, ilielekea kushuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Rudia kusoma hapo. Hata mmoja.

Mwaka huohuo wa 1929 alifika Kenya daktari mwingine kijana, Hugh Trowell. Baadaye akahamia Uganda, akafanya kazi hospitali ya Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. (Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere. Nyumba ya watu wasiokaa bure.) Trowell alikuwa na tabia ambayo natamani sote tungekuwa nayo: alikuwa anaandika hata kile ambacho hakukiona. Madaktari wengi huandika ugonjwa uliopo. Yeye alijiuliza, mbona sioni mshtuko wa moyo? Mbona kisukari ni kichache hivi?

Mwaka 1956, baada ya zaidi ya miaka ishirini na mitano kazini, ndipo alipochapisha habari za Mwafrika wa Afrika Mashariki mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa alikuwa jaji. Si mkulima, si mchukuzi wa mizigo, ni mtu wa ofisini aliyeishi na kula kama Wazungu aliofanya nao kazi. Mwaka 1960 Trowell akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, wakati ambapo wenzake wengi waliona Afrika ni malaria na minyoo tu.

Wapo waliosema basi ni damu, Mwafrika kaumbwa hivyo. Maelezo ya uvivu. Weusi wa Marekani, ambao asili yao ni hukuhuku, walikuwa na presha kwa wingi. Damu ileile, maisha mengine.

Sasa naomba mtu asichukue hii sehemu akaenda kusema "zamani kulikuwa na afya". Zamani hiyohiyo mama alikuwa anazaa wanane anabaki na wanne. Trowell huyohuyo alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kwa watoto waliovimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabambuka, hawataki kula wala kucheza. Kwashakoo. Kesho tunakwenda huko, kwa sababu ndiko wanawake wanakoingia kwenye hadithi hii, na si kama wagonjwa peke yao.

SEHEMU YA 3

Aliyeipeleka kwashakoo kwenye vitabu vya kitabibu alikuwa mwanamke, Dkt. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka 1933 aliandika kuhusu watoto hawa, na mwaka 1935 akatumia jina ambalo akina mama wa Kigaa walikuwa wakilitumia wenyewe. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Yaani akina mama walishajua chanzo: mtoto kaachishwa ziwa, kapewa uji mtupu. Daktari aliwasikiliza, akaandika. Najua inaonekana jambo dogo. Mimi nimefanya kazi hii miaka kadhaa, si dogo.

Huku kwetu, mwaka 1959, Josephine Nambooze alihitimu udaktari Makerere, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Angeweza kuchagua upasuaji au kliniki ya watu wenye pesa mjini Kampala. Akaenda kwenye kinga. Afya ya mama na mtoto, afya ya jamii. Alifanya kazi na kufundisha kupitia kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, ambapo wanafunzi wa udaktari walipelekwa wajifunze kwamba ugonjwa hauanzii wodini, unaanzia nyumbani, kwenye maji, kwenye chungu, kwenye nafasi kati ya mtoto na mtoto. Akaja kuwa profesa, na baadaye akafanya kazi na Shirika la Afya Duniani.

Namtaja kwa sababu watu wakisikia "daktari wa kinga" wanadhani ni jambo jipya, daktari wa kwenye simu anayeuza mitishamba na juisi za kijani. Hapana jamani. Tuna mama yetu wa kinga aliyehitimu udaktari kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Halafu mwaka 1965 hapo Mulago kikaanzishwa kitengo cha lishe kinaitwa Mwanamugimu. Jina limetokana na methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye afya anatokana na malezi aliyoanza nayo mgongoni kwa mama. Kilichonigusa ni namna kilivyofanya kazi. Madaktari walichoka kuona mtoto anatibiwa kwa maziwa ya unga, anapona, anarudi nyumbani, baada ya miezi amevimba tena. Sasa mama akawa analazwa pamoja na mtoto, wanapika pamoja chakula kinachopatikana kijijini kwake: ndizi, maharage, karanga, samaki, mboga, vinapondwa pamoja. Wanakiita kitobero. Mama anamwona mtoto wake anarudi kucheka kwa chakula alichokipika yeye kwa mikono yake. Akirudi kijijini, majirani wanamwona mtoto, wanauliza. Hapo mwalimu ni mama.

Tanzania nayo ilikuwa na yake. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Mtu ni Afya, mwaka 1973. Vikundi vya kujifunza vilikaa kuzunguka redio nchi nzima, watu takribani milioni mbili, wakichimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Ilikuwa kinga ya magonjwa ya wakati ule, malaria, kichocho, kuhara. Presha haikuwa kwenye orodha, na wala hawakukosea kuiacha. Ilikuwa bado haijafika mlangoni kwetu.

SEHEMU YA 4

Leo ndiyo sehemu ninayoipenda. Utafiti wa Wajaluo.

Miaka ya 1980 watafiti, akiwemo daktari Mwingereza Neil Poulter, walitaka kujua presha inaanza lini hasa. Wakaenda vijijini magharibi mwa Kenya, ambako presha za watu zilikuwa bado chini. Wakawapima vijana. Wengine katika hao walikuwa wanahamia Nairobi kutafuta maisha, kama watu wanavyohama kila siku. Watafiti wakawafuata hukohuko Nairobi wakawapima tena na tena, huku wakiendelea kuwapima wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990.

Presha za waliohama zilianza kuwa juu kuliko za waliobaki ndani ya muda mfupi mno. Si miaka kumi. Tofauti ilionekana tangu kipimo cha mwezi wa kwanza mjini. Watu walewale, kabila lilelile, baba na mama walewale.

Walipima na mkojo. Mkojo wa waliohama ulionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi, na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini yaliyomo kwenye mboga za majani, maharage, ndizi, viazi vitamu, kwa hiyo tafsiri yake ni kwamba chumvi imepanda na mboga imepungua. Uzito nao uliongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio zaidi. Hilo la mapigo watafiti walilihusisha na msongo, na mimi naliamini bila kupimwa. Umehama, hujui kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, moyo utatulia vipi?

Bibi wa Mpimbwe, jibu lako ndilo hilo. Kaitoa njiani.

Kuna kipande kingine, cha daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekaa Uganda karibu miaka ishirini hadi 1966. Jicho lake moja lilipotea utotoni, lakini aliona mengi. Alikuwa akiandikia hospitali za misheni sehemu mbalimbali za Afrika kuuliza: mnaona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Bawasiri? Mawe ya nyongo? Saratani ya utumbo mpana? Majibu yalikuwa wachache, wachache sana, wakati Uingereza wodi zimejaa. Yeye na Trowell, ambaye uzeeni alikuwa padri wa Kianglikana huko Uingereza, wakaungana kusema kinachokosekana kwa Wazungu ni nyuzinyuzi za chakula: pumba ya nafaka, maharage, mboga. Burkitt alikuwa akionyesha picha za kinyesi kwenye mihadhara ya watu wakubwa bila aibu. Wanasayansi waliokuja baadaye walisema alitwisha nyuzinyuzi mzigo mkubwa kuliko zinavyoweza kubeba, na ni kweli, mambo ni mengi. Lakini msingi wake umesimama.

Sasa angalia sisi tunafanya nini. Mahindi ya Katavi, shamba letu wenyewe, tunayapeleka mashineni, tunakoboa, pumba tunampa nguruwe, tunabaki na sembe nyeupe. Dona tunasema ni ya shule na ya jela. Mjamzito anakuja kwangu analalamika choo kigumu na bawasiri, namuuliza ugali gani, ananijibu kwa fahari "sembe, nesi, mimi sili dona". Nguruwe anakula vizuri kuliko yeye.

SEHEMU YA 5 (YA MWISHO)

Mpanda yenyewe ni mji wa kuhama, ndiyo maana nimewachosha na Wajaluo. Reli kutoka Kaliua ilifika hapa 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, watu wakaja na treni. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapewa makazi Katumba, baadaye Mishamo. Wasukuma wakaja na ng'ombe, wachimba dhahabu wakaja na majembe yao. Mkoa ulipozaliwa 2012 ofisi zikaja, na mishahara, na bodaboda. Kila mmoja wetu hapa ana safari, yake au ya mama yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kisukari chini ya mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 utafiti wa taifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama 9 katika mia wana sukari iliyopanda, na kama 26 katika mia wana presha. Upimaji haukuwa sawa kabisa, wala watu hawakuwa wa sehemu moja, kwa hiyo usilinganishe kwa rula. Lakini huhitaji rula. Wanawake wenye uzito uliozidi nchini walikuwa 28 katika mia kwenye utafiti wa 2015-16, na 36 kwenye ule wa 2022. Na huohuo wa 2015-16 ulikuta Katavi inaongoza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 walioanza kuzaa, 45 katika mia. Weka hayo mawili pamoja. Mimba inaanza mapema, na presha siku hizi nayo inaanza mapema.

Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna mtu ataenda kumwambia mgonjwa "ungeacha chumvi". Presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba chanzo chake kikubwa kiko kwenye kondo la nyuma. Haisababishwi na maandazi na haiponi kwa kuacha chumvi. Ila mama anayeingia kwenye mimba akiwa na uzito mkubwa, presha au sukari, anaingia na hatari zaidi. Na aliyewahi kupata presha ya mimba, hata ikishuka baada ya kujifungua, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo huko mbele. Sukari ya mimba vivyo hivyo. Hili wengi hamwambiwi siku ya kuruhusiwa, mnapewa mtoto mnaondoka. Kama ulikuwa nayo, hata kama mtoto wako sasa yuko darasa la nne, nenda kapime. Kupima ni dakika tano.

Kuumwa kichwa kusikoisha, kuona maruweruwe au giza, kuvimba uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu: mjamzito, hiyo siyo ya kusubiri kesho wala ya kusema ni jua. Na kliniki anza kabla ya wiki 12. Ukipewa dawa za presha usiziache kwa sababu umeanza kula dona.

Kuhusu chumvi sasa. Jirani zetu wa Uvinza wamechemsha maji ya chumvi kwa karibu miaka 1,500, na watu walitembea siku nyingi kuifuata. Kitu unachokibeba kichwani siku nyingi hukimwagi kwenye mboga. Leo pakiti ni bei ya chini kabisa dukani, na juu yake tunaongeza kile kiungo cha mchuzi cha kwenye karatasi, ambacho sehemu kubwa ni chumvi ileile. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, ukijumlisha chumvi yote, hata ya kwenye mkate. Usiache chumvi yenye madini joto ukarudi kwenye isiyo nayo, utaleta tezi la shingo. Punguza tu kiasi. Dagaa wa Karema waliokaushwa kwa chumvi, waloweke kwanza, mwaga yale maji.

Wala siwaambii mle chakula cha gharama. Mlenda, kisamvu, matembele, maharage, karanga, njugu mawe, mgebuka ukipatikana. Sokoni kwetu vyote vipo. Ninachojua ni kigumu ni kingine: mama akibadilisha ugali, baba anasukuma sahani. Nimeona ndoa inatikisika kwa sababu ya dona. Kwa hiyo baba zangu mliosoma hadi hapa, msiniachie huyu mama peke yake. Mwanamugimu waliweza kumfundisha mama kwa sababu chungu kilikuwa chake. Kwenye nyumba nyingi hapa chungu ni cha mama lakini pesa ya mboga ni ya baba.

Yule dada alijifungua kabla ya muda, mtoto mdogo lakini mzima. Wiki ya sita wakarudi, bibi bado yupo, kakataa kurudi Mpimbwe mpaka mtoto anenepe. Presha ya mama mtoto ilikuwa imeshuka, ila haijafika ninapopataka, na dawa anaendelea nazo. Nikawaeleza haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa viungo vya mchuzi vitatu alivyonunua njiani wakija kliniki, akaniwekea mezani.

"Hivi ndivyo?"

Nikamwambia ndivyo, bibi. Akavitazama, akanihesabia: "Vitatu, shilingi mia tatu." Akavirudisha kwenye fundo. "Nitamrudishia mwenye duka."